Breki ya mbele haikurushi

Kila nikipata darasa jipya la waendesha pikipiki huwa nauliza swali moja kabla hatujawasha injini: gari likikukatia njia ghafla, unafunga breki ipi? Walioendesha miaka mingi ndio hujibu upesi, tena kwa kujiamini: ya nyuma. Ukiwauliza sababu, jibu ni lile lile. "Mwalimu, ya mbele si itanirusha?"

Siwacheki, maana nami niliamini hivyo miaka tisa. Siku gari lilipochomoza kutoka barabara ya kando, nilikandamiza breki ya nyuma, ile ya mguu wa kulia, kwa nguvu zangu zote. Tairi la nyuma likajifunga, mkia ukaanza kwenda upande, na pikipiki ikazidi kusonga kana kwamba sijaigusa. Kilichonisimamisha ni ubavu wa lile gari. Mtulinga ulivunjika, na nikapata muda wa kutosha wa kufikiri.

Ukifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Shokapu za mbele huzama, tairi la mbele hukandamizwa chini likaishika lami, na la nyuma hubaki jepesi. Jepesi halina mshiko, ndiyo maana huserereka kirahisi. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kinachoangusha watu ni kuinyakua: kuibana kwa kishindo kabla uzito haujafika mbele, au kuibana huku usukani umekunjwa, au juu ya mchanga.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 hivi za pikipiki walizozichunguza katika eneo la Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji wale hawakuwa na mafunzo. Walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Wakati wa hatari walizidisha breki ya nyuma hadi ikaserereka, ya mbele wakaigusa kidogo tu. Na muda waliokuwa nao wa kujiokoa, kwa kawaida, haukufika sekunde mbili. Ripoti ni ya zamani, na siku hizi zipo pikipiki zenye ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga. Mguu wa kulia bado ni ule ule.

Hapo ndipo ninapobishana na wanaosema uzoefu unatosha. Siku ya kawaida unafunga breki taratibu, kwa sababu hakuna cha kukuharakisha. Fanya hivyo miaka kumi, utakuwa umejizoesha miaka kumi kufunga breki taratibu. Sekunde mbili zikifika hakuna nafasi ya kufikiri, mwili unatoa ulichozoeshwa.

Basi tafuta uwanja mtupu wenye lami safi, ufagie mchanga, vaa helmeti, glavu na viatu vinavyofunika kifundo. Chora mstari kwa chaki. Njoo kwa kilomita 30 kwa saa, pikipiki imesimama wima, macho mbali mbele. Tairi la mbele likigusa mstari, achia mafuta, vuta klachi, bana breki ya mbele kwa vidole viwili kwa awamu mbili: kwanza kidogo, usikie pua ya pikipiki ikiinama, halafu kaza, na uendelee kukaza. Ya nyuma iguse tu. Bana tangi kwa magoti ili mikono isibebe kifua chako. Ukisikia tairi la mbele limejifunga, achia papo hapo kisha bana upya. La nyuma likijifunga na mkia umeshakwenda upande, usiliachie ghafla. Likishika lami ghafla linaweza kukurusha juu. Shikilia hadi usimame.

Weka alama uliposimama. Rudia mara kumi, kisha panda hadi 40, halafu 50. Utaona umbali unavyoruka: mwendo ukizidishwa mara mbili, njia ya kusimamia huwa mara nne. Na hapo sijahesabu sekunde ya kushtuka, ambayo kwa kilomita 60 kwa saa inakula mita karibu 17 kabla hujagusa chochote.

Pale ambapo nafasi ya kusimama haipo, inabidi ukwepe. Hapa watu hunitazama kama nimerukwa na akili: kwa mwendo wa kawaida, ukitaka kwenda kulia, sukuma mpini wa kulia mbele. Tairi linageuka kidogo kushoto, pikipiki inalalia kulia na kwenda huko. Unafanya hivyo kila kona bila kujijua. Jaribu kwenye mnyoofu, kilomita 40 kwa saa, sukuma kidogo tu kwa kiganja. Ukishaamini, panga koni mbili kama kizuizi na uzikwepe. Usikwepe huku umebana breki. Fanya moja, kisha nyingine. Na usiitazame koni. Tazama penye upenyo, kwa sababu pikipiki hufuata macho hata pale usipotaka.

Mwendo wa pole pole, wa kuzunguka mahali pembamba, hauokoi maisha mara nyingi lakini unaleta utulivu: klachi nusu, mafuta kidogo, breki ya nyuma ikikokota, kichwa kimegeukia unakokwenda.

Wiki iliyopita yule aliyebisha kuliko wote alianza na breki ya nyuma peke yake, kwa kilomita 40. Akahesabu hatua kutoka mstari hadi alama: 21. Mchana, kwa breki zote mbili, akahesabu 11. Akarudi mstarini akahesabu tena, safari hii kwa sauti.