Mashindano ya gofu ya vilabu: nani anastahili kucheza, na alama za timu zinajumlishwaje

Kanuni ya 24, ile inayohusu timu, ni miongoni mwa zilizo fupi katika Kanuni za Gofu zinazotolewa na R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za mchezo huu duniani. Ufupi huo una uzito wake. Idadi ya wachezaji, kadi ngapi za matokeo zihesabiwe, mechi moja ina pointi ngapi na sare inaamuliwaje, yote yameachiwa Kamati ya mashindano iyaandike yenyewe katika Masharti ya Mashindano. Isipoyaandika, hakuna kitabu kingine cha kukimbilia, na jioni ya siku ya mwisho manahodha watabishana huku kombe likiwa mezani.

Ridhaa ni jambo moja, uanachama ni jingine

Katika viwanja vya Afrika Mashariki swali la nani anastahili kucheza huanza na makedi. Je, kijana anayelipwa kubeba mfuko wa fimbo ni mchezaji wa kulipwa? Hapana. Ujira wa ukedi, au wa kukata majani na kutunza grini (eneo la majani mafupi penye shimo), haumwondolei mtu uridhaa, yaani hadhi ya mchezaji asiye wa kulipwa. Kwa Kanuni za Uridhaa zilizoanza kutumika 1 Januari 2022, mtu hupoteza uridhaa akishiriki shindano kama mchezaji wa kulipwa, akipokea zawadi inayozidi kiwango, akifundisha gofu kwa malipo nje ya hali chache zinazoruhusiwa, akiajiriwa kama pro (mtaalamu wa kulipwa) wa klabu au wa uwanja wa mazoezi, au akijiunga na chama cha wachezaji wa kulipwa. Kedi anayerudishwa kwenye meza ya usajili eti kwa sababu anaishi kwa gofu ameonewa. Klabu inaweza kumwacha nje kwa sababu si mwanachama wake, lakini isimwite wa kulipwa.

Zawadi nazo zina mtego. Kiwango cha juu ni thamani ya pauni 700 au dola 1,000 za Marekani kwa shindano moja, na fedha taslimu zinaruhusiwa tu pale ambapo hakuna handikapu inayotumika, yaani mipigo ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake. Mashindano mengi ya vilabu huchezwa kwa handikapu. Kwa hiyo mdhamini anayetaka kuwapa washindi bahasha ya noti, hata ikiwa ndogo kiasi gani, anawaweka wachezaji hatarini. Atoe vocha au bidhaa.

Upande wa uanachama, sharti lililo wazi kuliko yote ni kuifanya klabu ya nyumbani kuwa ile inayotunza rekodi ya handikapu ya mchezaji. Mwenye uanachama wa vilabu viwili achague kimoja kwa msimu mzima. Iwekwe pia tarehe ya ukomo, kwa mfano awe amekuwa mwanachama kwa siku 90 kabla ya mchezo wa kwanza. Bila hiyo, klabu yenye uwezo itaandikisha wachezaji wazuri Jumatatu na kuwachezesha Jumamosi. Orodha ya majina iwe ndefu kuliko timu (majina 12 kwa timu ya watu 8 yanatosha), na mbadala atoke humo tu.

Handikapu: tarehe mbili na hesabu moja

Katika Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioanza 2020, fahirisi ya mchezaji (namba inayopima uwezo wake) hutokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, na inaweza kubadilika kila kadi mpya inapoingia. Ndiyo maana Masharti yataje tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kustahili: kama shindano ni la wenye fahirisi isiyozidi 18.0, ni 18.0 ya siku gani? Ya siku ya kufunga usajili ndiyo rahisi kusimamia, maana nahodha hatampoteza mtu usiku wa kuamkia mchezo. Ya pili ni fahirisi ya kuchezea, na hiyo iwe ya siku yenyewe ya mchezo. Wanaochanganya tarehe hizi mbili hujikuta na mchezaji aliyestahili Jumatano na asiyestahili Ijumaa.

Kamati iangalie pia idadi ya kadi. Mtu anaweza kupewa fahirisi akiwa na matokeo matatu tu ya mashimo 18; mfumo huchukua lililo bora na kupunguza 2.0. Kwa mchezo wa kirafiki hilo latosha, ila kwa ligi ya vilabu ni msingi mwembamba mno. Ni halali kudai idadi fulani ya kadi ndani ya miezi 12, na ningeshauri kila Kamati ifanye hivyo, kwa sababu handikapu iliyokuzwa mara nyingi ni ya mtu ambaye kadi zake nzuri hazifiki ofisini.

Sasa hesabu. Fahirisi haichezewi ilivyo. Unaizidisha kwa slopu (namba ya ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida) ya tii, yaani sehemu za kuanzia, zinazotumika, unagawanya kwa 113, kisha unajumlisha tofauti ya kadirio la uwanja (mipigo anayotarajiwa kupiga mchezaji stadi) na par (mipigo iliyopangiwa uwanja au shimo). Chukua mchezaji wa 16.8 kwenye uwanja wenye slopu 128, kadirio 71.4 na par 72:

16.8 × 128 ÷ 113 = 19.03
19.03 + (71.4 − 72) = 18.43

Hiyo 18.43 ndiyo handikapu yake ya uwanja kabla ya kukadirishwa kuwa namba nzima. Katika mchezo wa mipigo au wa pointi wa mtu mmoja mmoja, pendekezo la kawaida ni kutumia asilimia 95: 18.43 × 0.95 = 17.51, yaani 18. Anayekadirisha mapema hadi 18 na ndipo kuzidisha atapata 17.1, yaani 17, na amemnyima mchezaji mpigo mmoja. Kukadirisha ni hatua ya mwisho, mara moja tu.

Mpeleke mchezaji huyohuyo kwenye uwanja mwepesi wenye slopu 113, kadirio 69.8 na par 72. Handikapu ya uwanja inakuwa 14.6, na ya mchezo 14. Tofauti ni mipigo minne. Nahodha anayebeba handikapu za nyumbani kwake na kuziandika ugenini anaharibu matokeo ya timu nzima bila kukusudia. Klabu mwenyeji ndiyo izipige hesabu hizi.

Kadi zinazohesabiwa

Mfumo wa pointi aliouanzisha Dk. Frank Stableford, uliochezwa kwa mara ya kwanza kama shindano katika klabu ya Wallasey, Uingereza, Mei 1932, unafaa sana timu. Baada ya kutoa mipigo ya handikapu, par ni pointi 2, mpigo mmoja juu ni 1, mmoja chini ni 3, miwili chini ni 4. Miwili juu au zaidi ni sifuri. Aliyekwama porini huokota mpira, hukosa pointi za shimo hilo na kuendelea. Katika mchezo wa mipigo, anayeacha kuingiza mpira kwenye shimo moja tu anaondolewa, na timu imepoteza kadi.

Kuandika kwamba "kadi tatu bora kati ya nne zitahesabiwa" hakutoshi ikiwa mchezo ni wa siku mbili. Tazama timu hii: wa kwanza ana pointi 38 na 31, wa pili 36 na 34, wa tatu 33 na 37, wa nne 29 na 39. Kwa kuchukua tatu bora za kila siku, timu ina 107 na 110, jumla 217. Kwa kuchukua wachezaji watatu wenye jumla bora za siku mbili (70, 70 na 69), ina 209. Pointi nane zimetoka kwenye sentensi moja ambayo haikukamilika. Njia ya kila siku ni bora, kwa sababu mchezaji aliyeteleza siku ya kwanza bado ana la kuifanyia timu siku ya pili.

Masharti yaseme pia kuondolewa kunagusa nini. Huyo wa nne akisaini kadi yenye mipigo pungufu kuliko aliyopiga, ikamzidishia pointi, ameondolewa; siku ya pili ya timu inashuka kutoka 110 hadi 102. Kadi yake ya siku ya kwanza ibaki halali? Kamati inaruhusiwa kuamua kwamba adhabu ni ya raundi hiyo pekee, lakini iamue mapema. Akiandika mipigo mingi kuliko aliyopiga, inabaki hivyohivyo. Hesabu ya pointi ni kazi ya Kamati, na tangu 2023 hata ya handikapu. Mchezaji anawajibika kwa mipigo halisi ya kila shimo na kwa saini mbili, yake na ya mwandikaji alama wake.

Mechi za shimo kwa shimo

Hapa mshindi wa mechi ni aliyeshinda mashimo mengi, na kawaida timu hupata pointi moja kwa ushindi na nusu kwa sare. Katika mechi ya mmoja kwa mmoja handikapu hutumika kwa asilimia 100, na mwenye kubwa hupewa tofauti. Jozi zinapocheza kila mtu na mpira wake ni asilimia 90, wote wanne wakipimwa dhidi ya mwenye ndogo kuliko wote. Jozi zinapopiga mpira mmoja kwa zamu, ni nusu ya tofauti kati ya jumla za pande mbili.

Manahodha wakabidhi orodha za mpangilio kwa wakati mmoja, zikiwa zimefungwa. Timu iliyopungukiwa mtu iachie mechi ya mwisho kwenye orodha, isichague ya kuachia. Iandikwe vilevile kama mechi zilizobaki uwanjani zinasimamishwa mshindi akishapatikana. Pale ambapo idadi ya mashimo ambayo timu imeshinda hutumika kuvunja sare, ziachwe ziendelee.

Kuhusu ushauri, wengi hukosea kwa nia njema. Kuwa timu moja hakukupi ruhusa ya kumshauri mwenzako achukue fimbo gani; ruhusa hiyo ni ya mwenza wa jozi na kedi. Adhabu ni mipigo miwili, au kupoteza shimo katika mechi. Nahodha naye haruhusiwi mpaka Kamati iweke kanuni ya uwanja inayoipa kila timu mshauri, na timu imtaje jina lake. Umbali si ushauri. Huo mwambie mtu yeyote.

Timu zikifungana kwa pointi, anzeni na kadi bora ambayo haikuhesabiwa, ili timu yenye kina ipate haki yake. Ikishindikana, jumlisheni kadi zilizohesabiwa kwa mashimo ya 10 hadi 18, kisha 13 hadi 18, kisha 16 hadi 18, na mwisho la 18. Kama makundi yalianza kwa wakati mmoja kutoka mashimo tofauti, fuateni namba zilizo kwenye kadi. Shimo la 18 ni la 18 hata kwa aliyelicheza la kwanza asubuhi.