Shajara ni nini, na je, lazima iwe siri?

Ukiingia duka la vifaa vya shule hapa Tabora ukaomba shajara, muuzaji atakukodolea macho. Omba dayari, atakuletea kile kitabu cha jalada gumu chenye tarehe kila ukurasa, ambacho wengi wetu hupewa bure Januari kikaishia kuandikiwa mahesabu ya vikoba. Kitu ni kilekile. Shajara ni neno la asili ya Kiarabu, huko likiwa na maana ya mti. Kwetu ni maandishi anayoweka mtu kuhusu mambo yake, siku kwa siku.

Wengi huongeza hapo neno "siri", nami ndipo ninapoachana nao. Siri ni tabia ya shajara nyingi, si sharti. Sharti ni tarehe: unaandika ya leo hali huyajui ya kesho. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara huku kwetu, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili uzeeni, safari zimekwisha na mshindi anajulikana. Hiyo ni tawasifu.

Mfano mzuri wa shajara ni ya David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti aliyekaa mwaka 1872 kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa Nyangwe, Kongo, karatasi zimemwishia. Akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa kukamua mimea. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu waliokuja sokoni wakimiminiwa risasi, akaliandika tukio hilo likiwa bado bichi. Baadaye alinakili habari zake kwenye daftari kubwa, ambalo watafiti huliita Shajara ya Unyanyembe, kwa jina la eneo letu hili la Tabora.

Wino wa gazetini ulififia mno, mpaka wataalamu walipozipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyatoa maandishi hadharani mwaka 2011. Kumbe nakala safi haikufuata ya kwanza neno kwa neno! Mzee alikuwa amelainisha mambo, hasa yaliyohusu watu wa msafara wake mwenyewe. Mkono ni uleule na tukio ni lilelile, ila mara ya pili alishajua wasomaji wanakuja.

Na siri yenyewe? Daftari hilo la Unyanyembe lilitiwa lakiri, akakabidhiwa Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipoondoka Kwihara Machi 1872, limfikie Agnes, binti wa Livingstone. Livingstone akafariki 1873, na kufikia mwisho wa 1874 shajara zake zilikuwa zimekwisha kuchapwa London.

Kwa hiyo anayeandika siku zake mtandaoni hajazua jambo geni. Hata neno blogu limetokana na "weblog", alilolitunga Mmarekani Jorn Barger mwaka 1997, na nusu yake ya pili ni lile daftari la melini ambamo nahodha hujaza tarehe, upepo na mahali alipofika. Nahodha wa Liemba pale Kigoma angeielewa blogu upesi kuliko profesa.

Kilichobadilika ni msomaji. Wa daftari ni wewe, au mdogo wako mpekuzi anayejua kuinua godoro. Wa mtandaoni yupo tangu sentensi ya kwanza, na huanza kukuchagulia maneno kabla hujaandika. Hapa nchini akaja na serikali pia: kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kukata leseni, ada ya mwaka shilingi milioni moja. Daftari la chini ya godoro halijatozwa kitu.

Stetasi ya WhatsApp je? Ina tarehe, ina ya leo, lakini baada ya saa 24 haipo. Shajara huwekwa. Stetasi naihesabu ni soga ya barazani.

Mtandao una jaribu moja zaidi, kitufe cha kuhariri. Binti anaandika usiku wa kuachwa, kwa hasira na makosa ya tahajia. Mwaka ukipita, ameshaolewa kwingine, anarudi kwenye ukurasa uleule, anafuta matusi mawili, anaongeza kwamba alijua tangu mwanzo yule hamfai. Tarehe ya juu imebaki ya zamani. Maandishi ya chini yake yameshahamia kwenye daftari la Unyanyembe.