Ugonjwa wa zinaa: yanayowezekana kwa simu, na yanayohitaji ufike kituoni

Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini Mwanza. Pale vituo vya afya vilipoboresha tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Tiba ya mapema, basi, tunajua inachookoa. Lakini mvuvi akianza kutokwa usaha akiwa kambini Ukerewe au Kome, visiwa vya Ziwa Victoria, mara nyingi hununua vidonge viwili vitatu dukani, maumivu yanatulia, naye anaendelea kuambukiza.

Kumpigia simu mtoa huduma wa afya siku hiyohiyo kunasaidia sana. Atakuuliza dalili zilianza lini, umetumia dawa gani, mwenza wako ana hali gani, kisha akuelekeze kituo cha karibu chenye kipimo na dawa. Baada ya tiba atakufuatilia. Wavuvi wa dagaa tunawaomba wapange simu hiyo kipindi cha mbalamwezi, wanapopumzika nchi kavu, maana usiku wa giza wako majini.

Kaswende, hata hivyo, hujulikana kwa kupima damu na hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Kisonono nacho kimezoea dawa nyingi za zamani, ikiwemo siprofloksasini, na tiba inayotegemewa sasa ni sindano ya seftriaksoni. Anayekutumia orodha ya vidonge kwa WhatsApp bila kukuelekeza kupima, usimlipe.

Picha ya kidonda itume tu ukiombwa na mtoa huduma unayemfahamu kituo chake. Isionyeshe uso wala alama ya mwilini inayokutambulisha, na uifute baadaye, hasa kama simu mnaitumia wengi nyumbani. Kama huwezi kuongea kwa uhuru, sema hivyo mwanzoni. Atauliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana.

Mwenza atibiwe pia, hata kama hana dalili. Wanawake wengi wenye klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, hawahisi chochote. Msikutane kimwili hadi siku 7 zipite baada ya nyote wawili kutibiwa.

Usisubiri simu ukiwa na maumivu makali ya ghafla ya korodani, au maumivu chini ya kitovu yenye homa au yaliyokuja baada ya kukosa hedhi. Mjamzito asiache kupimwa kaswende kliniki. Aliyebakwa afike kituoni haraka iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia VVU huanzishwa ndani ya saa 72.