Sauti nzuri ya tamasha haiko mbele kabisa

Mmeamua asubuhi ileile, mmefika tamashani wewe na rafiki yako, na kabla hamjavuta pumzi anakushika mkono: "Twende mbele kule kwenye spika, ndiko muziki unakosikika." Hapana! Mimi ni fundi sauti, na nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja.

Zile spika zilizoning'inizwa pande mbili za jukwaa, safu ndefu iliyopinda chini kama ndizi, hazikulengwa kwako wewe uliyeshika uzio. Maboksi ya juu yanarusha mbali, ya chini yanamwaga karibu, na hata hayo ya chini mara nyingi yanapita juu ya vichwa vya watu wa kwanza. Ndiyo maana tunapanga spika ndogo kwenye ukingo wa jukwaa. Zikizibwa, utakachosikia ni ngoma yenyewe, gitaa kutoka kwenye ampu yake, na besi iliyolala chini karibu na miguu yako. Maneno ya mwimbaji yamepotea, na anayelaumiwa ni fundi.

Fundi yuko kwenye lile banda lenye miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, katikati ya uwanja, mkabala na jukwaa. Kila anachopandisha au kushusha anakiamua kwa masikio yaliyo pale. Basi simameni hatua chache mbele ya banda hilo, au ubavuni mwake.

Lakini msiseme "katikati" kama vile yamekwisha, maana besi ina mambo yake. Marundo ya spika za besi yakiwa mawili, kushoto na kulia, mtu wa katikati anafikiwa na mawimbi yote kwa wakati mmoja, nayo yanajumlishana. Ukisogea pembeni, moja linachelewa. Noti ya hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 5.7. Pale ambapo rundo moja liko mbali nawe kuliko jingine kwa nusu ya hapo, kama mita 2.9, mawimbi yanauana na noti ile inafifia, huku noti zilizo mbali nayo zikinguruma. Utadhani mpiga besi anaruka noti. Sogea hatua mbili tatu, itarudi. Na niseme wazi jambo linalonisumbua: fundi akikaa kwenye mstari wa katikati kabisa, anakaa mahali besi ilipo nene kuliko kwingine kote, kwa hiyo huenda anaipunguzia watu wa pembeni bila kujua. Tunazunguka uwanjani kukagua, ila uwanja mtupu wa mchana haulii kama uwanja uliojaa usiku. Ningekuwa mtazamaji, ningesimama mita mbili tatu kando ya mstari huo.

Mkichelewa mkajikuta nyuma, tafuteni minara ya spika. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi joto 20, kwa hiyo mnara ulio mita 70 kutoka jukwaani tunauchelewesha milisekunde 204 ili usiitangulie sauti ya jukwaani, na kumi hivi za ziada ili sikio liamini sauti inatoka jukwaani. Simameni mbele ya mnara. Nyuma yake kuna mwangwi na sauti iliyovurugika. Upepo ukivuma, sauti kali za juu zinakuja na kuondoka. Hilo halina fundi.

Sasa masikio. Kwa kipimo cha kazini cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kwenye desibeli 85 mwisho ni saa 8 kwa siku, na kila 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu: desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kipimo hicho kilitungwa kwa kelele za kazi ya kila siku, na masikio hayafanani, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba dakika ya 16 ndiyo itakayokuumiza. Ila mlio unaobaki masikioni usiku si "kuchoka" kwa sikio, ni onyo. Karatasi laini haizuii kitu cha maana. Nunueni vizibo vya sponji: kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kishikilie hadi kitanuke, kama nusu dakika. Ukiongea na sauti yako ikavuma kichwani, kimekaa. Kikibaki kimechomoza nje nusu, kitoe, rudia.