Usaha ndani ya msuli wa mtoto: yanayosemwa na ukweli wake

"Si jipu, ngozi haijaiva."
Kauli hii ndiyo yenye madhara kuliko zote. Usaha wa msuli (payomayositisi) hukaa chini ya utando mgumu unaoufunika msuli, mbali na ngozi. Paja, kalio au kigimbi huvimba, huwa kigumu kama ubao na huuma kikibonyezwa, lakini hakuna wekundu, hakuna mdomo, wala mkono hausikii majimaji. Ugonjwa huanza polepole kwa maumivu na homa ndogo. Mara nyingi usaha hujikusanya kati ya siku ya 10 na ya 21. Ukiachwa, bakteria husambaa kwenye damu, na hapo mtoto anaweza kufa. Msuli wa ndani ya nyonga ukishikwa, uvimbe hauonekani kabisa: mtoto huchechemea na hulala amekunja paja, akinyooshwa analia.

"Ameanguka mpirani, achuliwe tu."
Kuanguka kweli kunaweza kutangulia. Bakteria waliomo kwenye damu, hasa Staphylococcus aureus, hushika kirahisi msuli ulioumia. Ila maumivu ya kuanguka hupungua siku hadi siku. Yakizidi na homa ikaja, si ya kuchua tena, wala ya chale.

"MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) imesoma chanya, basi ni malaria."
Kigoma na Tabora malaria ni nyingi, na mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Tena kipimo hicho huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya tiba. Malaria itibiwe, lakini haivimbishi paja moja.

"Eksirei ni safi, na sindano ya kuvuta usaha haikutoa kitu."
Eksirei haionyeshi usaha wa msuli. Hapa kinachohitajika ni ultrasaundi. Usaha huu ni mzito na haupiti kwenye sindano nyembamba ya namba 23. Tumia namba 18 au 16, uelekeze pale panapouma zaidi au palipoonyeshwa na ultrasaundi. Ikitoka tupu katika siku za mwanzo, huenda usaha haujakusanyika: anza dawa, rudia kipimo.

"Amoksilini ya duka la dawa inatosha."
Staphylococcus wengi huivunja amoksilini. Dawa ya kuanzia ni kloksasilini ya mshipa, miligramu 25 hadi 50 kwa kilo kila saa 6. Kwa mtoto wa kilo 15 mahututi, hiyo ni miligramu 750 kila dozi. Homa isiposhuka ndani ya saa 48 hadi 72, tafuta mfuko mwingine wa usaha, mfupa uliooza, au bakteria sugu.

"Kikishapasuliwa, kimekwisha."
Dawa peke yake haikaushi usaha uliokusanyika, na tundu dogo halitoshi. Mtoto apewe nusukaputi. Ngozi na utando vikatwe kufuata urefu wa mguu, kisha nyuzi za msuli zitenganishwe kwa koleo butu. Kidole kiingie kuvunja vyumba vya usaha, maana mara nyingi huwa zaidi ya kimoja. Paoshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, uachwe mrija mpana wa kutolea usaha, bila kushona. Mrija hutoka taratibu, kama siku ya 5. Usaha upelekwe maabara kuoteshwa. Mtoto akipoa hubadilishiwa dawa ya kumeza, naye huimaliza hata kama ameshaanza kukimbia. Mazoezi ya kukunja na kunyoosha goti yaanze mara maumivu yanapopungua, kwa sababu goti lililoachwa limekunjwa hukakamaa.