Je, wajua barua pepe inaweza kutoka kwako bila wewe kuituma?

Siku moja nilikuta ujumbe kwenye barua pepe yangu umetoka kwangu mwenyewe. Anwani yangu, herufi kwa herufi. Ulisema nimedukuliwa, nilipe kwa bitcoin. Nilibadilisha nenosiri mara mbili kabla chai haijapoa, nikiamini kuna mtu kaingia kwenye akaunti. Hakuna aliyeingia.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba pale palipoandikwa "Kutoka" hujazwa na mtambo. Hujazwa na mwandishi, naye aweza kuandika apendacho. Itifaki ya SMTP, yaani kanuni za kusafirisha barua pepe, aliyoiandika Jon Postel mwaka 1982, haikuweka utaratibu wowote wa kumuuliza mleta barua katumwa na nani. Tena kila barua pepe ina majina mawili ya mtumaji: moja juu ya bahasha, husomwa na seva, yaani kompyuta zinazopeleka na kupokea barua, jingine ndani ya barua, ndilo unaloliona wewe. SMTP hailazimishi yafanane. Nilipolijua hili nilisoma upya barua zangu za wiki nzima kwa jicho la polisi.

Sasa fikiria barua ya posa. Mshenga anabisha hodi, kapendeza, bahasha mkononi. Wazee wa binti wakimuuliza yeye kama kweli katumwa, atajibu nini zaidi ya ndiyo? Wenye akili huuliza ukoo uliotajwa kwenye bahasha: washenga wenu ni akina nani?

Hiyo ndiyo kazi ya SPF. Mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @, hutundika orodha ya washenga wake kwenye DNS, daftari la majina ya intaneti ambalo yeyote anaweza kulisoma:

v=spf1 ip4:192.0.2.10 -all

Maana yake: mshenga wetu ni huyu mwenye anwani ya IP (namba inayotambulisha kompyuta kwenye intaneti) 192.0.2.10, wengine wote hatuwajui. Seva inayopokea hutazama IP ya seva iliyobisha hodi, hufungua daftari, hulinganisha. Jina la kughushi ni rahisi; IP ni kazi ngumu, kwa kuwa mazungumzo hayaendi mbele majibu yasipomfikia aliyeyaanzisha.

Lakini SPF husoma bahasha tu. Tapeli akiandika kikoa chake halali juu ya bahasha, atapita kwa heshima zote, huku barua ndani ikitaja benki yako. Na barua halali ikipitishwa kwa seva ya tatu bila bahasha kubadilishwa, inaweza kukataliwa, maana mshenga wa mwisho hayumo kwenye orodha. Kwa hiyo kuna DKIM, muhuri wa kidijitali unaosafiri na barua yenyewe, na DMARC ya mwaka 2015, inayodai jina la ndani lioane na kile kilichothibitishwa. Tangu Februari 2024, wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail wanatakiwa kuwa na zote tatu. Hata hivyo, tapeli aliyesajili kikoa chake mwenyewe hupita zote tatu bila jasho: kweli katumwa, ila na nyumba mbaya.

Na ule ujumbe wangu? Nilifungua mistari ambayo programu huificha, nikakuta: spf=softfail. Seva ilikuwa imemshuku mshenga. Ila msimamizi wa kikoa changu aliandika ~all badala ya -all, yaani "huyu huenda si wetu", basi akakaribishwa ndani.