Kuimarisha kiunzi dhaifu ndani ya sanamu ya udongo

Ufa unaotokea kwenye kifundo cha mguu wa sanamu, ukazibwa jioni na kurudi asubuhi mahali palepale, hautokani na udongo. Unatokana na kiunzi cha ndani, yaani mifupa ya nondo na waya inayoushikilia udongo, ambacho kinapinda polepole kwa kuelemewa. Nilikutana na ufa huo katika karakana yangu hapa Kampala nilipokuwa nikifinyanga, kwa udongo wa Kajjansi, mvulana aliyejitwika jerikeni la maji, theluthi mbili ya kimo cha kawaida. Niliuziba kwa siku tatu kabla ya kukubali kwamba kasoro ilikuwa katika mifupa.

Makosa yalikuwa mawili. Miguu niliisimamisha kwa nondo za milimita 8, ilhali uwezo wa nondo kukataa kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo nondo ya milimita 12, ambayo kwa macho ni nene kidogo tu, ni ngumu takriban mara 5 zaidi. Jerikeni nalo nililifinyanga kwa udongo mtupu. Jerikeni la lita 20 likipunguzwa hadi theluthi mbili kwa urefu, upana na kina hubaki na karibu lita 6, na kwa kuwa lita moja ya udongo mbichi hukaribia kilo 2, nilikuwa nimemtwika mtoto zaidi ya kilo 10 juu ya shingo ya waya.

Kabla ya kukata chochote, niliegemeza sanamu kwa mbao zilizozungushiwa vitambaa, chini ya jerikeni na chini ya makwapa, kisha nikapima kwa bikari umbali kutoka ubao wa chini hadi kidevuni, viwikoni na kwenye pembe za jerikeni. Bila vipimo hivyo, mkao hupotea wakati wa kazi na jicho halitambui.

Jerikeni nililiondoa kwa waya wa kukatia, nikalijenga upya juu ya kisanduku chepesi cha mbao nilichokipaka vanishi, kwa maana mbao kavu hunywa maji ya udongo, ikavimba na kuupasua.

Miguu sikuifumua. Yenye sura na misuli iliyokwisha kukamilika haifai kuvunjwa ikiwa mgongo unaweza kubeba mzigo. Fundi wa kuchomelea wa Katwe alinitengenezea bomba la chuma lenye kona na kitako cha bati nene. Kazi hiyo ilifanyika kwake, mbali na joto lisilofaa kukaribia udongo mbichi. Nilikipigilia kitako kwa boliti kwenye ubao nyuma ya sanamu, nikakata dirisha kwenye udongo wa kiunoni, nikaingiza ncha ya bomba na kuifunga kwenye nondo ya uti wa mgongo kwa waya wa kufungia, nikiusokota kwa koleo hadi viungo vikaacha kucheza. Kifuani nilining'iniza vijiti viwili vilivyofungwa msalaba, ili udongo usiteleze kushuka.

Dirisha nililijaza kwa vipande vidogo vya udongo uleule, niliokuwa nimeuhifadhi katika kitambaa chenye unyevu, nikivishindilia kwa kidole gumba. Siku iliyofuata niliondoa egemeo moja baada ya jingine, nikipima upya kila mara, na vipimo havikubadilika.

Njia hii inafaa kwa sanamu itakayotolewa kalibu ya plasta, ambapo tundu la bomba huzibwa baadaye kwenye nakala. Sanamu ya kuchomwa tanuruni isiachiwe chuma ndani, kwa sababu udongo hunywea unapokauka, nacho chuma hakinywei.